Fundi Aliyejua Kuweka Vyombo Chini

Anapokufa fundi, watu hukusanyika kumzika, na kabla jeneza halijashushwa kaburini husimama mmoja wao kusimulia maisha ya marehemu. Tunasikia kwamba alikuwa mchapakazi; kwamba aliamka kabla ya jogoo kuwika na kurudi nyumbani giza limekwisha kuingia; kwamba nyumba hii na ile zilijengwa kwa mikono yake, na milango yake ingali inafunga vizuri mpaka leo. Wasikilizaji hutikisa vichwa kukubali, maana ni kweli. Sifa hizo ni za haki, tena ole wake mji usiowasifu mafundi wake. Bwana wetu mwenyewe alipokuja duniani alikubali kuitwa mwana wa seremala, na Mtume Paulo, ingawa alikuwa mtu wa elimu kubwa, hakuona haya kushona mahema ili asiwe mzigo kwa watu.

Hata hivyo, tukisikiliza kwa makini tutagundua kwamba karibu sifa zote hizo zahusu vitu: nyumba, milango, visima, meza, magari yaliyotengenezwa yakatembea tena. Ni mara chache tunaambiwa kama watoto wa marehemu walimjua baba yao, au kama mkewe alipata kwake mwenzi wa kuzungumza naye. Mambo hayo huachwa, kana kwamba hayahusiani na ufundi wake. Kisha neno moja hutolewa la kufunga habari yote: kazi ni kipimo cha utu.

Neno hili lina ukweli ndani yake, na limewasaidia wengi kuuchukia uvivu. Lakini kila mfanya biashara ajua kwamba kipimo ni kitu cha kuangaliwa sana, kwa sababu kipimo kibovu hudhulumu watu hata kama mwenye kupima hana nia mbaya. Twauliza basi: je, kweli kazi ndiyo inayompima mtu? Ikiwa ndivyo, tutasema nini juu ya fundi aliyepooza mkono akiwa bado na miaka 20 ya kuishi? Na tutasema nini juu ya yule aliyewajengea watu wa mji mzima, huku nyumba yake mwenyewe haina baba ndani yake?

Maswali kama haya hayajibiwi vema kwa maneno matupu. Ni afadhali kutazama maisha ya mtu mmoja. Tumemchagua Louis Martin, fundi saa wa mji wa Alençon katika nchi ya Ufaransa. Wengi wamjua kwa sababu ya binti yake, Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Lakini yeye mwenyewe astahili kukumbukwa kwa ajili ya maisha yake, na hasa kwa jambo moja ambalo hatulisikii mara nyingi makaburini: alijua kufanya kazi, na alijua pia kuweka vyombo vya kazi chini.

Louis alizaliwa mjini Bordeaux tarehe 22 Agosti 1823. Baba yake alikuwa askari mwenye cheo, lakini kijana hakufuata njia ya bunduki. Alijifunza ufundi wa saa, kazi inayotaka jicho kali, mkono usiotetemeka na moyo usio na haraka. Mwaka 1845, akiwa na umri wa miaka 22, alipanda milima ya Alpi mpaka monasteri ya Mtakatifu Bernardo, ambako watawa waliwaokoa wasafiri waliopotea katika theluji, akaomba apokewe kuwa mmoja wao. Aliambiwa kwamba kwanza ajifunze Kilatini. Alirudi akajaribu, lakini masomo hayo hayakufika mwisho. Ndipo alipoishika tena kazi yake ya saa, akamaliza kujifunza, na mwaka 1850 akafungua duka lake mwenyewe huko Alençon.

Tusilipite jambo hili upesi. Wako watu ambao, wakikosa walichokitamani, huishi siku zote zilizobaki wakiidharau kazi waliyoipata. Yeye hakuitazama meza yake ya ufundi kama adhabu. Saa ni chombo kisichokubali udanganyifu: kamani ikikazwa mno hukatika, ikilegea mno saa husimama, gurudumu moja dogo likiwa na uchafu, mishale yote husema uongo. Mtu anayeifanya kazi hiyo kwa uaminifu miaka mingi hujifunza kwamba jambo dogo lisiloonekana ndilo linaloshika jambo kubwa linaloonekana. Duka lake lilisitawi, akaongeza na biashara ya vito, na watu wakamwamini.

Tarehe 13 Julai 1858 alifunga ndoa na Zélie Guérin. Mwanamke huyu naye alikuwa fundi, tena fundi hodari. Alitengeneza lesi ya Alençon, yaani kitambaa chepesi cha urembo, chenye matundu kama wavu, kinachofanywa kwa sindano na uzi mtupu. Ni kazi ngumu mno. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi wa wanadamu, na imeelezwa kwamba sentimeta 1 tu ya mraba huhitaji kiasi cha saa 7 za kazi. Zélie aliianza biashara hiyo kabla hajaolewa, akawa na wanawake waliomfanyia kazi majumbani mwao, na yeye mwenyewe akaviunga vipande walivyomletea kwa namna ambayo jicho halikuweza kuona mahali pa kuungia.

Mungu aliwajalia watoto 9. Kati yao 4 walifariki wangali wadogo, wote katika muda usiotimia miaka minne, tangu mwaka 1867 hadi 1870: wavulana wawili wachanga, binti wa miaka 5, na binti mwingine mchanga. Wazazi waliokwisha kumzika mtoto hawana haja ya kuelezwa uzito wa maneno haya. Walibaki mabinti watano, wa mwisho wao akiwa Teresa, aliyezaliwa tarehe 2 Januari 1873.

Huyo ndiye mtu tunayemzungumzia: fundi, mume, baba. Sasa tutazame ni lini aliacha kazi, na kwa nini.

Kwanza, aliacha kazi kila Jumapili. Jambo hili laweza kuonekana dogo kwa msomaji, lakini kwa mwenye duka la saa na vito lilikuwa na gharama. Watu wa mashambani walipata nafasi ya kuja mjini siku hiyo, na wengi walipenda kununua pete ya arusi au saa katika safari hiyo hiyo. Rafiki zake walimwonyesha faida anayoipoteza, hata wakamshauri kwamba, ikiwa aona vibaya kufungua mlango mkubwa, aache wazi mlango wa upande. Hakukubali. Hakuna mlango wa upande mbele ya Mungu. Siku hiyo ilikuwa ya Bwana, tena ilikuwa ya mke na watoto. Fedha haikuwa na sehemu ndani yake.

Twaona hapa hekima ambayo nyakati zetu zinaisahau. Mtu asiyeweza kuacha kazi hata siku moja hajawa bwana wa kazi yake. Kazi ndiyo bwana wake. Hujisifu kwamba hana nafasi, kana kwamba kukosa nafasi ni cheo. Simu yake haizimwi mezani wala kanisani. Ukimwuliza kwa nini, hujibu kwamba ajitahidi kwa ajili ya watoto. Lakini mtoto akimwita mara tatu bila kuitikiwa, mtoto huyo hujifunza kitu, na hicho anachojifunza hakiwezi kufutwa na karo ya shule.

Pili, mwaka 1870 Louis aliacha ufundi wenyewe. Biashara ya lesi ya mkewe ilikuwa imekua kupita nguvu za mtu mmoja. Zélie alikuwa akilea, akiuguza, akizika, na usiku akiinamia sindano. Katika barua zake aliandika wazi kwamba lesi hiyo ilimfanyia maisha kuwa magumu. Mumewe aliyatazama hayo, kisha akauza duka la saa kwa mpwa wake, akajiunga na kazi ya mkewe. Yeye ndiye aliyesafiri kwenda Paris kutafuta oda na kupeleka bidhaa, na ndiye aliyeshika hesabu.

Tumfikirie mwanamume huyu wa karne ya 19, katika mji mdogo ambamo kila mtu alimjua mwenzake. Kwa miaka 20 alikuwa ameitwa fundi saa. Ufundi huo aliutafuta ujanani katika miji mbalimbali, na duka lilikuwa lake. Sasa alikuwa msaidizi katika biashara iliyoanzishwa na mkewe kabla hawajajuana. Wako waume wengi, katika nchi ile na katika nchi zetu pia, ambao wangeliona jambo hilo kuwa aibu kubwa. Mke akipata zaidi sokoni, mume hununa. Mke akielemewa, mume hugeuza uso na kusema kwamba hiyo si kazi yake. Louis hakuuliza kazi ni ya nani, aliuliza mzigo umemlemea nani. Aliyeuliza swali hilo la pili huwa amekwisha kupata jibu la lile la kwanza.

Ndipo tunapoanza kuuona ukweli uliofichika katika neno lile la kipimo. Kazi ya Louis ilikuwa njema kwa sababu ilikuwa ya kuwatumikia watu fulani aliokabidhiwa na Mungu. Siku watu hao walipohitaji kitu kingine kuliko saa, hakung'ang'ania saa. Fundi mbovu huacha kazi kwa uvivu, na fundi mwenye kiburi hashindwi kuifia kazi yake kwa sababu yampa jina. Fundi mwenye upendo huishika kwa nguvu zote, na kuiachilia inapobidi, kwa sababu ile ile moja.

Mara ya tatu ilikuwa chungu zaidi. Tarehe 28 Agosti 1877 Zélie alifariki kwa ugonjwa wa saratani ya titi, akiwa na miaka 45. Louis alibaki na mabinti watano: wa kwanza ana miaka 17, wa mwisho 4. Alençon palikuwa mahali pa maisha yake yote ya utu uzima. Mama yake mzazi alikuwa angali hai huko. Kaburi la mkewe lilikuwa huko, na la watoto wake. Huko walikuwa rafiki zake na bustani yake ndogo alikopenda kukaa kimya na kusoma. Lakini kaka yake Zélie, aliyekuwa mwenye duka la dawa katika mji wa Lisieux, pamoja na mkewe, walikuwa tayari kusaidia kuwalea wasichana wale waliokosa mama. Basi Louis alifunga mizigo, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo akahamia Lisieux, mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa mgeni. Alikuwa na miaka 54.

Huko hakufungua duka jipya. Akiba yake ilitosha kwa maisha ya kiasi, naye alitoa muda wake kwa watoto. Binti yake Teresa ameandika juu ya siku hizo: matembezi ya alasiri akiwa ameshikwa mkono na baba, wakiingia kanisani kusali kidogo, uvuvi kando ya mto, na jioni mchezo wa dama, kusoma kitabu cha dini pamoja, nyimbo alizoimba baba kwa sauti nzuri, kisha sala ya nyumba nzima kabla ya kulala. Mtu aliyezoea kuuza saa sasa aligawa saa zake bure. Wala asidhani mtu kwamba huo ulikuwa uvivu wa mzee. Msichana aliyelelewa hivyo ndiye aliyeweza baadaye kuwafundisha Wakristo wa dunia nzima jinsi ya kumtumaini Mungu kama mtoto anavyomtumaini baba. Alijua neno baba lina maana gani, kwa sababu alikuwa ameliona.

Hapa twajua kwamba wasomaji wetu wengi watakuwa na neno la kupinga, na ni halali yao kulisema. Watasema: mtu huyo alikuwa na akiba. Aliweza kufunga duka Jumapili kwa sababu Jumatatu alikuwa na chakula. Aliweza kuuza biashara kwa sababu mkewe alikuwa na nyingine. Lakini fundi wetu anayekaa chini ya mwembe na cherehani yake, au mwashi anayelipwa kwa siku, akiacha kazi leo watoto wake hawali kesho. Je, naye tumwambie aweke vyombo chini?

Neno hilo ni zito, na hatutalijibu kwa kumlaumu maskini. Baba anayefanya kazi Jumapili kwa sababu watoto wana njaa si mtumwa wa fedha. Baba aliyekwenda mbali, mjini au ng'ambo, akituma nyumbani kila mwezi sehemu ya mshahara wake na kujinyima mwenyewe, anawapenda watu wake kwa njia aliyoachiwa, wala hakuna mwenye haki ya kumwambia kwamba upendo wake ni pungufu. Lawama, kama ipo, haina budi kuelekea upande mwingine.

Mwezi wa Novemba 1887 Louis alikwenda kuhiji Roma pamoja na mabinti wawili, Céline na Teresa, wakapiga magoti mbele ya Papa Leo XIII. Papa huyo huyo, mwezi wa Mei 1891, alitoa barua yake kuu juu ya hali ya wafanyakazi, iitwayo Rerum Novarum. Alifundisha humo kwamba ujira wa mfanyakazi haupaswi kupungua kiasi cha kumtunza mtu wa maisha ya kiasi, kwamba mtu aliyekubali ujira mdogo kwa kubanwa na shida amedhulumiwa hata kama alikubali kwa kinywa chake, na kwamba pumziko la siku ya Bwana ni haki ambayo tajiri hana ruhusa ya kuinunua. Kwa hiyo, fundi asipoweza kuweka vyombo chini, yatupasa kuuliza ni nani aliyemfunga navyo.

Mara nyingi ni sisi wateja wake. Twampa seremala kazi, twaichukua ikiwa tayari, kisha twamwambia arudi kesho kuchukua fedha yake. Na kesho twamwambia mwisho wa mwezi. Twamhimiza mshonaji amalize nguo Jumamosi usiku wa manane ili tuivae kanisani asubuhi, na yeye mwenyewe, kwa uchovu, hafiki kanisani. Twapunguza bei kwa maneno mengi mbele ya mtu ambaye twajua kabisa kwamba hana chakula cha jioni, kisha twajisifu kwamba tu hodari wa kununua. Yeyote afanyaye hivyo ameiba saa za watoto wa fundi yule. Siku ya mazishi yake asisimame kumsifu kwamba alikuwa mchapakazi asiyepumzika.

Lakini baada ya kusema haya, kuna wengine tutakaowaambia kwa upole neno lililo gumu. Si kila anayekosa muda amenyimwa na umaskini. Yuko anayefunga karakana saa 11 jioni na kufika nyumbani saa 5 usiku, na kati ya saa hizo hakuna mteja aliyemshika. Ameshikwa na kilabu. Yuko aliye nyumbani kwa mwili tu, hana neno kwa mtu yeyote mpaka chakula kichelewe. Huyo hahitaji akiba ya Louis Martin ili amshike mtoto mkono na kutembea naye mpaka kisimani. Jambo hilo halina bei, na maskini aweza kulitoa kwa wingi kama tajiri.

Imebaki mara ya nne, ambayo Louis hakuichagua. Mabinti wawili wakubwa walikuwa wamekwisha kuingia Karmeli ya Lisieux, mmoja mwaka 1882 na mwingine mwaka 1886, na tarehe 9 Aprili 1888 Teresa akawafuata, kwa ruhusa ya baba yake, akiwa na miaka 15. Mwaka ule ule ugonjwa wa mishipa ya ubongo ulianza kumharibu akili. Mwezi wa Juni alitoweka nyumbani, akapatikana siku chache baadaye katika mji wa Le Havre. Tarehe 12 Februari 1889 ilibidi apelekwe katika nyumba ya wagonjwa wa akili mjini Caen, akakaa huko miaka mitatu na zaidi. Watu walinong'ona. Wengine walisema kwamba mabinti zake ndio waliomvunja moyo kwa kwenda utawani. Aliporudi Lisieux mwezi wa Mei 1892, miguu yake haikuweza tena kumchukua, na maneno yalikuwa machache. Céline alimwuguza, mwanzoni pamoja na Léonie, akisaidiwa na jamaa wa mama yao, mpaka alipofariki tarehe 29 Julai 1894.

Tukiwa na kipimo kile cha kazi mkononi, tupime miaka hiyo. Hakutengeneza saa hata moja. Hakushika hesabu. Hakuweza kulea, yeye ndiye aliyelelewa. Kipimo chetu kitasema kwamba mtu huyu alikwisha mwaka 1889, na kwamba aliyelala kitandani miaka mitano iliyofuata alikuwa mabaki tu. Lakini je, yuko mtoto mwema atakayekubali hesabu hiyo juu ya baba yake? Mabinti wale hawakuikubali. Teresa, aliyeumia kuliko tunavyoweza kueleza, aliihesabu miaka ile mitatu ya Caen kuwa ya thamani kuu katika maisha yao yote. Tena wale waliobaki nje ya utawa walimtumikia baba asiyeweza kulipa, kama yeye alivyowatumikia walipokuwa hawawezi kulipa.

Hapo ndipo swali letu lipatapo jibu. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, ambaye ujanani mwake alivunja mawe machimboni, alifundisha katika barua yake juu ya kazi kwamba kazi imewekwa kwa ajili ya mtu, wala mtu hakuwekwa kwa ajili ya kazi. Kazi haimpi mtu utu wake. Mtu ndiye anayeipa kazi heshima, kwa kuwa yeye ni sura ya Mungu. Kwa sababu hiyo kufagia soko kwaweza kuwa na heshima sawa na kutengeneza vito. Na kwa sababu hiyo hiyo, mikono inapokwisha nguvu, hakuna kilichopungua katika yule mwenye mikono. Kipimo cha utu ni upendo, na kazi ni mojawapo ya njia ambazo upendo hupita, pengine iliyo ya kawaida kuliko zote. Njia hiyo ikifungwa, upendo hutafuta nyingine: kuvumilia, kusali, kukubali kuoshwa na binti yako.

Kanisa halikufanya haraka kulisema hili juu ya fundi saa wa Alençon. Binti yake alitangazwa mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1927 akawekwa kuwa msimamizi wa kazi za misioni. Wazazi walingojea. Tarehe 19 Oktoba 2008 Louis na Zélie walitangazwa wenye heri mjini Lisieux, na tarehe 18 Oktoba 2015, Maaskofu wakiwa wamekutana Roma kuzungumza habari za familia, Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu, mume na mke pamoja katika siku moja. Saa zile alizozitengeneza zimetawanyika, na nyingi bila shaka zimekwisha kuoza. Hakuna aliyemtangaza mtakatifu kwa sababu zilikuwa zikienda sawa, ingawa twaamini kwamba zilikwenda sawa.

Tufanyeje basi, tunapowakumbuka mafundi wetu? Tuendelee kuwasifu kwa nyumba walizojenga. Lakini kabla ya kuandika historia ya marehemu, tumwendee mjane na watoto tuwaulize: ni lini aliacha kazi kwa ajili yenu? Huenda watakumbuka siku aliyofunga karakana akakaa kando ya kitanda cha mgonjwa hospitalini, au mwaka aliokataa kazi yenye fedha nyingi kwa kuwa ilikuwa mbali mno na nyumbani, au jioni tu, jioni za kawaida, alipokuwa akiwauliza habari za shule huku ananawa mikono yenye mafuta. Mambo hayo yasomwe mbele ya watu kwa sauti kubwa, ili vijana wanaosikiliza wajue kwamba hayo nayo ni sehemu ya ufundi.

Na wale ambao hawajafa tusiwasahau. Katika kila parokia yuko fundi mzee ambaye macho yake yamepata ukungu, ambaye zamani hatukuweza kupita bila kumwita, na sasa twapita bila kumsalimu kwa sababu hana tena kitu cha kututengenezea. Tukienda kumwamkia na kukaa naye kidogo, tutakuwa tumempa jibu bora kuliko makala hii. Nanyi akina baba, ambao nguvu zenu zingali kamili na wateja wenu wangali wanabisha hodi, fanyeni kazi kwa bidii, maana uvivu haujamlisha mtoto yeyote. Kisha jioni ifikapo, wekeni vyombo chini kwa moyo ule ule mlioviinua nao asubuhi, mwende nyumbani kwa wale ambao mliviinua kwa ajili yao.